Jangwa Si Uwanja Mtupu

Sisi tunaoishi kusini mwa Jeddah hatuhitaji mhadhara kuhusu thamani ya umeme. Mwezi wa Agosti kiyoyozi kikizimika, chumba hugeuka tanuri na hakuna anayesoma. Kwa miaka mingi umeme huo umezalishwa kwa mafuta na gesi. Kwa hiyo tulifurahi kusikia kwamba Shuaibah, kusini zaidi ya mji wetu, kumejengwa vituo vya sola vyenye uwezo wa megawati 2,660 kwa jumla, na kwamba Sudair, mkoani Riyadh, kuna kingine cha megawati 1,500.

Bado tunafurahi. Lakini tujiulize: paneli hizo zimetandazwa juu ya nini? Kituo cha Sudair peke yake kimechukua takriban kilomita za mraba 30. Wengi hujibu haraka, “Ni jangwa tupu tu.” Hata sisi katika insha zetu tumezoea kuandika hivyo. Ukweli ni kwamba jangwa lina wenyewe: migunga mabondeni, mijusi wanaochimba mashimo mchangani, mbweha, na hubara, ndege wa jamii ya tandawala.

Hata udongo wake una uhai. Mahali pengi jangwani juu ya ardhi pana gamba jembamba lililoshikwa pamoja na bakteria, kuvu na kuvumwani. Tingatinga likipita, gamba hilo huvunjika, na huchukua miaka mingi kurudi. Vumbi huanza kupeperuka, hutua juu ya paneli na kupunguza umeme. Kisha zinahitaji kusafishwa, na maji ndiyo hasa jangwa halina. Ndiyo maana vituo vikubwa vya hapa hutumia roboti zinazopangusa bila maji.

Jambo la pili ni joto. Mchanga mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani. Paneli nyeusi huunyonya. Sehemu ndogo, kama moja ya tano, huwa umeme, na nyingi ya iliyobaki huwa joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Arizona, Marekani, ulionyesha kwamba usiku kituo cha sola kilikuwa na joto zaidi ya jangwa jirani kwa nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi.

La tatu linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Korongo weupe na tai wa nyika za Asia hupita Bahari ya Shamu kila mwaka wakielekea kwetu. Korongo tunaowaona Serengeti huenda wamepita juu ya Hijazi. Njiani, nguzo na nyaya za umeme huwaua wengi kwa kuwapiga shoti, na kila kituo kipya huhitaji nyaya mpya.

Je, turudi kwenye mafuta? Hapana. Moshi wake nao unaharibu jangwa na mapafu yetu. Tena paneli zikipangwa vizuri zinaweza kusaidia. Huko Gonghe, jimbo la Qinghai nchini China, kivuli chake kilihifadhi unyevu, majani yakaota, na sasa wafugaji huchunga kondoo chini yake. Garissa, Kenya, ambako kituo cha hekta 85 kilizinduliwa mwaka 2019 katika nchi ya wafugaji, wangeweza kujifunza hapo.

Tunachotaka ni mpangilio. Paneli zianze juu ya mapaa, maegesho ya magari na ardhi iliyokwisha kuharibiwa. Mabonde yenye migunga yaachwe. Nguzo zifungwe vikinga ili ndege wasinaswe na shoti. Na sisi wanachama, katika insha na mijadala yetu, tuache kuandika “jangwa tupu”. Anayeamini kwamba mahali ni patupu hawezi kuona alichokiharibu.