Hesabu ya Dawa ni Amana: Tuwasaidie Mabinti Zetu Wanaosomea Uuguzi

Kila mwaka mabinti wengi wa mwambao wetu hujiunga na vyuo vya uuguzi, wengine Mombasa, wengine Kilifi, Msambweni na kwingineko. Wazazi hulipa karo kwa kujinyima, huwashonea sare za heshima na kuwaombea dua. Baada ya miezi michache, malalamiko yanayofika nyumbani huwa ni yale yale: somo la mwili wa binadamu linakwenda vizuri, kufunga vidonda hakuna taabu, ila hesabu za dawa zinatisha. Wapo wanaofikia hadi kutaka kuacha chuo. Wiki hii tumeona ni vyema kulifafanua somo hili, ili mzazi aelewe binti yake anafunzwa nini, na kwa nini haifai kulikimbia.

Tuanze kwa kusema kuwa hesabu hii si ngeni kwetu. Msichana aliyekaa madrasa akafunzwa kutoa zaka, fungu moja katika arubaini, ameshaujua uwiano. Aliyefunzwa mirathi, akajua kuwa mke hupata thumuni marehemu akiacha mtoto, na mama hupata sudusi, ameshazigawanya sehemu ngumu kuliko zile za chumba cha dawa. Na katika karne ya 9 huko Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika risala ya kuonyesha jinsi nguvu ya dawa iliyochanganywa inavyoweza kupatikana kwa hesabu badala ya kukisia.

Mfano wa chupa mbili

Tuchukue mtoto mwenye homa, uzani wake kilo 12. Daktari ameagiza parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Muuguzi huzidisha 12 kwa 15, akapata miligramu 180. Kisha hutazama chupa. Kibandiko kinasema kila mililita 5 za dawa zina miligramu 120. Kanuni ni fupi: kinachotakiwa kigawanywe kwa kilichomo, halafu kizidishwe kwa ujazo wake. Mia na themanini kugawanya kwa 120 ni moja na nusu. Moja na nusu mara 5 ni mililita 7.5. Hicho ndicho kipimo cha mtoto huyo kwa mara moja.

Lakini ipo pia dawa hiyo hiyo yenye miligramu 250 katika kila mililita 5. Muuguzi akiichukua hiyo bila kusoma kibandiko, akapima zile zile mililita 7.5, mtoto atakuwa amemeza miligramu 375, zaidi ya mara mbili ya alichoagiziwa. Parasetamoli ikizidi hudhuru ini, na madhara yake huweza kuchelewa kuonekana. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jicho la kusoma chupa.

Nukta na sufuri

Makosa mengine hatari huanzia kwenye kalamu. Gramu moja ni miligramu 1,000, na miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Atakayechanganya vipimo hivi hupotea kwa mara elfu. Nukta ikisogea nafasi moja, dozi huongezeka au hupungua mara kumi. Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kuandika 0.5, kamwe wasiandike .5, kwa kuwa nukta iliyo peke yake haionekani na msomaji husoma 5. Vivyo hivyo huandika 5, si 5.0, isije ikasomwa 50. Insulini ya wagonjwa wa sukari hupimwa kwa uniti, na neno hilo huandikwa kwa ukamilifu. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka baada ya 10 hufanana na sufuri, na 10 ikawa 100.

Dripu nayo ina hesabu yake. Ikiwa mgonjwa atapewa mililita 500 kwa saa 4, na mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita, matone yote ni 10,000. Saa 4 ni dakika 240, basi kila dakika yatadondoka matone 42 hivi. Ukitumika mrija mwembamba wa matone 60 kwa mililita, idadi hupanda hadi 125. Hapa pia, kabla ya kupiga hesabu, husomwa kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kuuliza si utovu wa adabu

Mafundisho ya fiqhi yanatueleza kwamba mwenye kutibu watu bila ya ujuzi hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Ujuzi wa muuguzi, basi, ni pamoja na kujua pa kusimama. Jibu likitoka kwamba mgonjwa ameze vidonge kumi kwa mara moja, au sindano moja ihitaji chupa nyingi za dawa, hiyo ni ishara ya kusita na kuanza upya. Kwa dawa nzito, muuguzi wa pili hupiga hesabu yake mwenyewe bila kuonyeshwa jibu la mwenzake, kisha wakalinganisha.

Hapa malezi yetu yana nafasi. Tumewalea mabinti wasiwajibu wakubwa, na hilo ni jema. Lakini binti anayeiona dozi si ya kawaida, akanyamaza kwa kumwonea haya daktari au muuguzi mkuu, hajatunza adabu. Ameipoteza amana ya mgonjwa. Tuwafunze kuuliza kwa upole na bila hofu. Na akirudi likizo, mama au kaka amtungie hesabu tano kila usiku baada ya Isha. Hofu ya hesabu huondoka kwa mazoezi.

Na sisi majumbani

Kina mama nasi ni wauguzi wa kwanza. Tujue uzani wa watoto wetu. Umeandikwa katika kitabu cha kliniki. Dawa ya maji tuipime kwa kikombe kilichokuja nayo au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani vijiko vya jikoni havilingani. Tusimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Tusome kibandiko cha dawa ya mafua kabla ya kuichanganya na ya homa, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake. Penye shaka, tumuulize mhudumu wa afya au mwenye duka la dawa aliyesomea kazi hiyo.

Zama za Mtume (s.a.w.), Bi. Rufaida al-Aslamiyya aliwauguza majeruhi hemani mjini Madina. Mabinti zetu wanafuata njia hiyo hiyo tukufu. Twamuomba Allah awape elimu yenye manufaa, mikono yenye uangalifu na nyoyo zenye huruma, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.