Baiskeli ya binti yetu: Tutazame jina au kipimo?

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyewasahilishia waja wake vyombo vya kupanda. Suratun-Nahl inawataja farasi, nyumbu na punda miongoni mwa neema hizo, na wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walipanda ngamia katika safari zao. Baiskeli ni chombo cha zama zetu. Katika familia nyingi, hiyo ndiyo inayoamua kama binti atawahi shule asubuhi na madrasa alasiri, au ataiacha mojawapo kwa uchovu wa njia.

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi hutuletea baada ya sala ya Ijumaa ni hili: tumnunulie binti baiskeli ya kike au ya kiume? Swali ni jema, lakini ndani yake mmechanganyika maswali mawili, la stara na la kipimo. Kila moja lina jawabu lake, na kutoyatenganisha ndiko kunakoiingiza familia hasarani.

Stara

Baiskeli tuiitayo ya kiume ina bomba la juu linalotoka shingo ya usukani hadi chini ya kiti. Katika ile ya kike, bomba hilo limeteremshwa. Asili ya tofauti hii ni vazi. Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, na haikupita miaka mingi watengenezaji wa Uingereza na Marekani wakateremsha bomba la juu kwa ajili ya wanawake waliovaa magauni marefu. Wakaongeza kifuniko cha cheni, na wavu wa nyuzi ubavuni mwa gurudumu la nyuma, ili gauni lisinaswe. Haja yao ilikuwa ileile aliyonayo leo binti yetu mwenye baibui.

Kwa hiyo, avaaye baibui au sketi ndefu ya shule hufaidika na bomba lililoteremshwa. Hupanda na kushuka bila kupandisha nguo, na akilazimika kusimama ghafla huweka mguu chini bila kizuizi. Hata hivyo, bomba peke yake halitoshi. Baiskeli ya kike isiyo na kifuniko cha cheni wala kinga ya gurudumu ni ya hatari, kwani pindo likiingia kwenye spoku mpandaji huanguka. Avae suruali pana ndani, na pindo la baibui alikusanye kabla ya kuondoka.

Kipimo

Jina "ya kike" halina maana kwamba baiskeli itamfaa kila mwanamke. Hata watengenezaji wa baiskeli za mbio wamehitilafiana katika jambo hili. Mwaka 1985 Mmarekani Georgena Terry alianzisha kampuni ya baiskeli za wanawake. Alifupisha fremu, na katika baadhi yake akaweka gurudumu dogo mbele, ili wanawake wafupi waufikie usukani. Kampuni ya Giant nayo ikaanzisha Liv, inayotengeneza baiskeli za wanawake. Kinyume chake, Specialized ililinganisha vipimo vya waendeshaji wengi, ikaona kwamba tofauti baina ya mtu na mtu ni kubwa kuliko tofauti baina ya wanaume na wanawake. Ikaacha kutenga fremu kwa jinsia.

Fundisho kwetu ni kumpima binti mwenyewe. Kwanza, asimame juu ya fremu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Ikiwa bomba la juu ni la kunyooka, pabaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 baina yake na mwili. Pili, akae kitini na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Tatu, ashike usukani. Viwiko vikunjike kidogo, na vidole vifike breki bila kunyoosha kiganja.

Kiti cha kuumiza hubadilishwa kwa gharama ndogo, na wanawake wengi huhitaji kilicho kipana zaidi. Kiti huteremshwa na usukani husogezwa kidogo. Fremu ndefu, hata hivyo, haina dawa. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema, wakinunua kubwa "ili akue nayo". Sare kubwa hukunjwa pindo. Fremu kubwa haikunjwi. Binti asiyefika chini wala kuzifikia breki amepewa chombo cha kumdhuru, na kuondoa madhara ni katika misingi ya sharia yetu.

Baiskeli moja, nyumba nzima

Ziko familia ambazo baiskeli ni moja kwa baba, mama na watoto. Hapo uzito wa mizigo nao uhesabiwe. Bomba la juu hukamilisha umbo la pembe zinazoshikana, ndiyo maana fremu ya kiume hustahimili gunia kwenye keria bila kuyumba. Ile ya kike, kwa unene uleule wa bomba, hunepa zaidi.

Ikiwa hakuna mizigo mizito, fremu iliyoteremshwa huwafaa wote. Mzee mwenye maumivu ya goti huipanda kwa urahisi, na mwenye kanzu pia, kwani kanzu nayo hunaswa na cheni. Wapo vijana wanaoikataa kwa kuhofia kujifananisha na wanawake. Kwa ufahamu wetu, kujifananisha kulikokatazwa ni katika yale yaliyo mahususi kwa jinsia moja, nasi hatuoni kwamba bomba la chuma lililoinamishwa linaingia humo. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake.

Wazazi, msimnunulie binti baiskeli akiwa nyumbani. Nendeni naye, hata kama ni kwa muuza mitumba, naye awe amevaa baibui atakalolipandia. Apande, azunguke, ashike breki, ashuke. Akishuka kwa utulivu na nguo yake ikiwa mahali pake, lipeni. Asipoweza, rudini na fedha zenu, kwani fedha ni amana na binti ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.