Tabibu wa Viungo na Mwanamichezo Chipukizi

Tangu klabu ya Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2019, kisha ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, vijana wengi wa Ruangwa na jirani zao wa Nachingwea huutazama mpira kama mlango wa riziki. Lakini ncha za mifupa ya kijana wa miaka 13 zingali na gegedu laini ya ukuaji, nayo, ikivutwa na kano kwa mazoezi yasiyo na kiasi, huuma chini ya goti au kisiginoni. Na asiyelifahamu hilo huenda akapachua mahali panapotaka kupumzishwa.

Kwa sababu hiyo, huko Marekani, tabibu wa viungo aliyekwisha hitimu na kupata idhini aweza kuingia mafunzo ya ubingwa, yapata mwaka mmoja, akiwahudumia wanamichezo chipukizi hospitalini na kando ya uwanja chini ya uangalizi wa mwalimu wake. Kwetu, ambako hospitali ya KCMC ya Moshi imewafunza matabibu wa viungo kwa miongo kadhaa, ilimu hiyo ikishuka hadi viwanja vya UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, mwalimu wa michezo atatambua kwamba mtoto anayechechemea ahitaji mapumziko kabla ya sifa.