Darubini na kunguru: Msalaba ukue au usikue?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mkulima asiyejua jembe lake limetiwa mpini upande gani naye atajikata mguu. Mambo haya mawili yamenijia akilini kila niliposikia mjadala unaopamba moto barazani mwa Jomvu Kuu miongoni mwa wachache walio na kibali cha kumiliki bunduki ya upepo. Wanabishana kuhusu darubini ya kufunga juu ya bunduki hiyo. Je, wanunue ile ambayo msalaba wake wa kulengea hukua picha inapokuzwa, au ile ambayo msalaba wake hubaki vile vile? Kundi moja linaiita ya kwanza darubini ya kisasa, na kundi la pili linaiita tamaa ya kupoteza fedha.

Mimi naona kwamba pande zote mbili zinajibu swali ambalo halijaulizwa sawasawa. Kabla ya kuuliza darubini ipi ni bora, yafaa mtu ajiulize anapiga nini, umbali gani, saa ngapi, na kuna nini nyuma ya kile anachokipiga. Akishajijibu hayo kwa uaminifu, darubini itajichagua yenyewe.

Kinachopigwa hapa, kama ajuavyo kila mkazi wa Mombasa, ni kunguru wa Bara Hindi. Ndege huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka, na kutoka huko akaenea mwambao mzima. Kula taka anakula, lakini pia hunyakua vifaranga vya kuku, huvamia viota vya ndege wadogo akamaliza mayai na makinda, na huchafua paa na visima. Mnamo Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Mwaka ulikwisha, na kelele za kunguru hazikukoma kwenye minazi na mikoko ya hori ya Tudor.

Hapana budi niseme jambo la sheria mapema. Bunduki ya upepo si kitu cha kuchezea watoto. Anayeitaka na aanze kwa afisa wa leseni za silaha kabla hajaanza kwa muuzaji, na mwenye leseni naye asidhani kwamba leseni ya kumiliki ni ruhusa ya kufyatua popote apendapo. Maneno yangu yanamhusu mtu aliyekwisha kuruhusiwa, anayefanya kazi mahali aliporuhusiwa.

Sasa tuingie ndani ya darubini yenyewe. Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka wa 1639 hivi, Mwingereza mmoja mtaalamu wa nyota, William Gascoigne, alikuta buibui ametanda uzi ndani ya darubini yake. Uzi ule ulionekana wazi kabisa sambamba na nyota, kwa sababu ulikuwa umekaa mahali pale pale ambapo lenzi hukusanya mwanga na kuunda picha. Msalaba wa kulengea tunaoujua leo ni mjukuu wa utando huo.

Katika darubini ya bunduki yenye uwezo wa kubadilisha ukubwa wa picha, mahali pa namna hiyo ni pawili. Lenzi ya mbele huunda picha ya kwanza, nayo huwa imepinduka juu chini. Lenzi za kati huisimamisha picha hiyo na kuikuza kadiri unavyoizungusha pete iliyo karibu na jicho. Kisha picha ya pili, iliyokwisha kukuzwa, huundwa nyuma. Fundi akiuweka msalaba penye picha ya kwanza, msalaba huo utakuzwa pamoja na kila kitu. Akiuweka penye picha ya pili, ukuzaji umekwisha kupita, na msalaba hautaongezeka wala kupungua. Kwa ajili ya makala haya, nitaziita darubini ya msalaba wa mbele na darubini ya msalaba wa nyuma.

Mfano wa ramani utalifafanua jambo hili. Chukua ramani yenye kipimo cha kilomita kilichochorwa pembeni, kisha uikuze kwa mashine ya fotokopi. Kile kipimo kilichochorwa ndani ya ramani kitakua nayo, na kilomita moja itabaki kuwa kilomita moja. Lakini ukiiweka rula yako ya mbao juu ya ramani iliyokuzwa, rula haikukua, na sentimita iliyokuwa ikisimama badala ya kilomita moja sasa inasimama badala ya nusu kilomita. Msalaba wa mbele ni kile kipimo cha ndani, na msalaba wa nyuma ni rula ya juu.

Kwa nini jambo hilo limhusu mtu mwenye bunduki ya upepo kuliko mwenye bunduki kubwa? Ni kwa sababu marisau ya bunduki ya upepo ni mepesi na mwendo wake ni mdogo, kwa hiyo huanza kushuka upesi. Tuchukue risau ya milimita 4.5, yenye uzito wa nusu gramu hivi, ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 240 kwa sekunde. Darubini iwe imefungwa sentimita 4 juu ya mtutu na kurekebishwa ili risau ipige katikati ya msalaba kwa umbali wa mita 30. Kwa hesabu, risau hiyo ikifika mita 45 itakuwa imeshuka takriban sentimita 6 chini ya msalaba. Mpigaji hana budi kulenga juu zaidi, na hapo ndipo vile vistari vilivyochorwa chini ya msalaba vinapokuwa na kazi.

Vistari hivyo aghalabu hupimwa kwa mili, ambayo ni sentimita moja kwa kila mita kumi za umbali. Kwenye mita 45, mili moja ni sentimita nne na nusu, kwa hiyo sentimita zetu 6 ni mili moja na theluthi. Kwa msalaba wa mbele hesabu imekwisha, kwani mili moja na theluthi ni hiyo hiyo, pete iwe kwenye nne au kwenye kumi na mbili. Kwa msalaba wa nyuma, vistari husema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, na mara nyingi huwa ule wa juu kabisa. Mpigaji akiishusha pete kutoka kumi na mbili hadi sita kisha akasahau, kila kistari kitakuwa kinabeba mara mbili ya thamani yake. Badala ya kulenga sentimita 6 juu, atalenga sentimita 12, na risau itapita sentimita 6 juu ya pale alipokusudia.

Sentimita sita si jambo dogo. Mahali pa kumwua kunguru papo hapo, kichwani au kifuani, hapazidi upana wa sentimita tatu au nne. Ama risau itampita na kwenda kutua kwenye mabati ya jirani, ama itamvunja bawa na kumwacha akihangaika vichakani hadi usiku. Awe mharibifu kiasi gani, ndege huyo hastahili mateso hayo, na jirani naye hakuomba risau juu ya paa lake.

Kwa hoja hiyo, wapenzi wa msalaba wa mbele wanaonekana kuwa wameshinda, na kwa mtu wa aina fulani wameshinda kweli. Mpigaji anayeshindana kwenye uwanja wenye shabaha za mita 10 hadi 50, anayezungusha pete kila mara na kutumia vistari kila risasi, atahudumiwa vyema na darubini ya namna hiyo. Akiwa na kawaida ya kukadiria umbali kwa kulinganisha kitu anachokijua ukubwa na vistari vyake, faida itaongezeka. Mtu huyo simzuii kutoa fedha zake.

Lakini Jomvu Kuu si uwanja wa mashindano. Huu ni mji wa kale wa Wajomvu, nyumba zimekaribiana, vichochoro vina watoto, na kati ya mnazi mmoja na mwingine kuna kamba ya nguo za mtu. Nathubutu kusema kwamba mtu mwenye busara hatafyatua kwa umbali wa mita 45 mahali kama hapo. Kazi halali ya kumwondoa kunguru hapa ni ya mita 10 hadi 30, penye shina la mti, ukingo wa udongo au kitu kingine kigumu nyuma ya ndege.

Turudi kwenye hesabu yetu kwa umbali huo. Bunduki ile ile, iliyorekebishwa kwa mita 30, itapiga zaidi ya nusu sentimita chini ya msalaba kwenye mita 10, na chini kidogo ya sentimita moja juu yake kwenye mita 20, kisha itarudi katikati kwenye mita 30. Katika eneo lote la kazi, risau haitoki nje ya sentimita moja kutoka katikati ya msalaba. Vistari havihitajiki. Na kama vistari havihitajiki, sifa kubwa ya msalaba wa mbele inabaki kama mwavuli wakati wa kiangazi.

Kinachohitajika badala yake ni mambo mawili. La kwanza ni kuuona msalaba. Kunguru hurudi mitini kulala jua linapotua, wakati kivuli kimekwisha kutanda chini ya minazi. Darubini ya msalaba wa mbele ikishushwa kwenye ukuzaji wa nne, msalaba wake hupungua ukawa mwembamba kama ule uzi wa buibui, na mwembamba mweusi juu ya ndege mweusi penye majani meusi hauonekani. Ziko darubini zenye taa ndogo ya betri ya kuuangaza msalaba, nami sizikatai, ila mpigaji awe tayari kwa siku ambayo betri imekwisha. Msalaba wa nyuma hubaki na unene ule ule kwenye ukuzaji wowote.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kuona kilicho kando na nyuma ya ndege. Ukuzaji mkubwa humleta kunguru karibu lakini huufinya ulimwengu unaomzunguka. Ukuzaji mdogo hufungua uwanja wa macho, na mtoto anayekimbilia mpira ataonekana kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Darubini inayompendeza mpigaji aitumie ikiwa imeshushwa ndiyo darubini ya usalama katika mji wa watu. Kwa sababu hizo mbili, shauri langu kwa Jomvu Kuu, na kwa Mikindani, Miritini na Changamwe pia, ni msalaba wa nyuma, mnene wa kutosha, na pete iwekwe kwenye nne au tano kisha iachwe hapo.

Yapo mambo mengine mawili ambayo wabishani huyasahau, nayo huharibu kazi kuliko msalaba. Bunduki ya upepo ya springi hurusha kishindo nyuma kisha mbele, na darubini iliyotengenezwa kwa bunduki ya baruti, ambayo kishindo chake ni cha kurudi nyuma tu, yaweza kulegea ndani baada ya muda mfupi hata ikiwa ya bei ghali. Muuzaji aulizwe waziwazi iwapo darubini yake imetengenezwa kuhimili springi. Fauka ya hayo, darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa ili zione barabara kwenye yadi 100, yaani kama mita 91. Kwenye mita 15 picha huwa na ukungu, na msalaba huonekana kuhama jicho likisogea kidogo. Mpigaji wa upepo anahitaji darubini inayoweza kurekebishwa hadi mita 10.

Akishainunua, na akae kwenye kiwanja kinachoruhusiwa na karatasi, futi ya kamba na marisau ya aina moja. Apige matano kwenye mita 10, matano kwenye 20, matano kwenye 30, aandike yanakotua. Hesabu niliyoitoa hapa ni ya bunduki ya mfano, na kila mtutu una tabia yake. Karatasi hiyo yenye matundu kumi na matano itamfaa kuliko maneno yote ya barazani.

Mwisho, tusijidanganye kwamba kunguru wataondoka Mombasa kwa mtutu. Ndege huyu ni mwerevu mno. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na akishaona mwenzake ameanguka hatakaribia tena pale ilipo bunduki. Anachokifuata mijini ni taka zetu, utumbo wa samaki na mabaki ya vyakula tunavyovitupa bila kufunika. Kijana mwenye bunduki anaweza kumwokolea mama mmoja vifaranga vyake, na hilo ni jema. Lakini pipa lenye kifuniko halihitaji leseni, halina msalaba wa mbele wala wa nyuma, na kila nyumba ya Jomvu Kuu inaweza kuwa nalo kuanzia leo.