Kwa nini hirola hawaongezeki?

Hirola, swara mwenye alama nyeupe kama miwani usoni, asili yake ni mashariki mwa Mto Tana hadi Somalia. Waliosalia wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Sotoka iliwaua wengi miaka ya 1980. Ugonjwa huo ulitokomezwa duniani mwaka 2011, lakini hirola hawajaongezeka tena.

Kwa picha za setilaiti, watafiti walibaini kuwa kati ya 1985 na 2012 miti iliongezeka zaidi ya mara tatu katika maeneo yao. Hirola hutegemea nyasi, na ndovu waliokuwa wakiangusha miti wamepungua.

Wakazi wanahimizwa kulinda hirola na ndovu, na kupumzisha malisho. Nyasi zikirudi, mifugo yetu itashiba pia.