Dawa ya hamu haimfundishi mtoto kula mchicha

Swali ni lile lile, hubadilika umri tu. Mtoto ana miaka miwili na nusu, wali anamaliza, chipsi anadai, lakini mchicha haugusi na dagaa anatema. Nimpe dawa gani ya hamu ya kula? Hakuna. Nimelijibu swali hili kliniki mara nyingi mno, na bado wiki inayofuata mama mwingine anatoa chupa mkobani, keshainunua.

Nyingi ya chupa hizo zina siproheptadini. Hii ni dawa ya mzio, ya mafua ya vumbi na miwasho ya ngozi. Kuongeza njaa ni athari yake ya pembeni. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaandikia kwa ajili ya athari hiyo hiyo, akiwapima na kuwafuatilia. Mtoto mzima wa afya asiyetaka mboga si mmoja wao. Dawa hii inaleta usingizi, inakausha kinywa na inafunga choo, na usalama wake kwa mtoto wa chini ya miaka miwili haujathibitishwa. Hapo kwenye choo ndipo panaponiudhi zaidi. Mtoto anayeishi kwa wali mtupu tayari anapata choo kigumu. Unamwongezea dawa ya kukifunga, tumbo linajaa, anakataa hata kile alichokuwa anakula, kisha unarudi dukani kuchukua chupa ya pili.

Tuseme basi ingekuwa salama kama maji. Bado isingesaidia, maana mtoto anayemaliza sahani ya wali hana upungufu wa hamu. Anachokataa ni chakula asichokizoea. Ukimwongezea njaa ataomba wali zaidi, na ukiacha dawa njaa inarudi ilipokuwa. Mchicha utabaki pembeni ya sahani vile vile.

Tena kupungua kula baada ya mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida. Katika mwaka huo uzito wa kuzaliwa huongezeka mara tatu hivi. Mwaka wa pili mtoto huongeza kama kilo mbili na nusu tu. Mwili unadai kidogo, naye anakula kidogo.

Woga wa chakula kipya huja katika kipindi hicho hicho, mtoto anapoanza kutembea na kuweza kuokota chochote akatia mdomoni, na huwa mkali kati ya miaka miwili na sita. Uchungu wa majani kama mnavu hauhitaji kufundishwa kuchukiwa. Hata mtoto mchanga hukunja uso. Utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza mwaka 2007 ulionyesha kuwa takriban asilimia 78 ya tofauti kati ya watoto katika woga huu inatokana na urithi. Kwa hiyo mama mkwe aache kusema mtoto kaharibiwa na malezi.

Urithi haumaanishi hali haibadiliki. Mtafiti wa Marekani Leann Birch alianza kuonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watoto wadogo hukipenda chakula kadiri wanavyokionja. Kwa kawaida huhitaji mara 8 hadi 15, na wazazi wengi hukata tamaa kabla ya kufika ya tano. Mtazame mtoto anayepewa dagaa kwa mara ya kwanza. Anawaangalia macho, anambonyeza mmoja kwa kidole, anamlamba, anatema, anajifuta ulimi kwa kiganja. Mama anaondoa sahani: "Huyu dagaa hapendi." Kumbe kulamba kule kulikuwa hatua kubwa, na kesho angeweza kumtafuna.

Kumbana pua ili ameze uji ni hatari, unaweza kumpalia, na sitaki kusikia kwamba sote tulikuzwa hivyo. Hata shinikizo la maneno hudhuru: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watoto walioambiwa wamalize supu waliishia kunywa kidogo kuliko walioachwa wenyewe. "Kula mchicha nikupe soda" nayo humfundisha kwamba mchicha ni adhabu na soda ndiyo chakula.

Fanyeni hivi. Weka kijiko kimoja cha mboga kando ya wali anaoupenda, bila kusema neno. Rudia keshokutwa, na tena. Mle pamoja, aone kaka yake anatafuna tembele. Mwache ashike. Biskuti, juisi na chai ya maziwa visikaribie saa ya mlo. Akikataa mlenda kwa sababu unateleza, mpe boga. Akikataa kisamvu, jaribu mchicha wa nazi. Mjamzito na anayenyonyesha ale mboga za aina nyingi, maana ladha zake humfikia mtoto kupitia maji ya uzazi na maziwa.

Njoo hospitali ikiwa mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, anapaliwa au kutapika kila anapokula, ana vidonda mdomoni, viganja vimepauka, au vyakula anavyokubali vinazidi kupungua. Kama ameshaanza kunyweshwa dawa ya hamu, ibebe chupa yenyewe, nisome kilichomo.