Kiunzi cha Chembe na Mgongo wa Mtoto

Ndugu wanafunzi wa kisomo, kaeni karibu na redio. Leo tutajifunza jinsi ubongo na ugwe wa mgongo unavyoumbwa tumboni mwa mama.

Ninyi wa Olasiti mnajua nyumba ya udongo inavyojengwa. Kwanza miti na fito, kisha udongo. Pasipo fito, udongo huanguka. Mwili nao umejengwa kwa chembe, ndogo mno hata hazionekani kwa macho. Kila chembe ina fito zake, ziitwazo kiunzi cha chembe. Lakini kiunzi hiki ni hai: hurefuka, hufupika na huvuta.

Mwanzoni chembe za ubongo na za ugwe zimelala bapa kama mkeka. Ndani ya chembe, upande wa juu, mna nyuzi zinazojikaza, kama kamba ya mfuko inapovutwa na mdomo ukafumba. Chembe huwa nyembamba juu na pana chini. Nyingi zikifanya hivyo pamoja, mkeka hukunjika, kingo zake hukutana, ukawa mrija. Baadaye chembe hutoa mikono mirefu, yenye vijirija vya kuitegemeza. Kwa mtu mzima, mkono mmoja waweza kutoka kiunoni hadi mguuni, kiasi cha mita 1.

Mrija hufumba kabisa kama siku ya 28 tangu mimba kutunga. Mama wengi hawajajua bado kwamba ni wajawazito. Usipofumba upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Hiyo si laana wala uchawi, na mama asilaumiwe.

Ili mrija ufumbe, chembe lazima ziongezeke upesi, nazo huhitaji vitamini iitwayo asidi ya foliki. Imo katika maharage na mboga za majani. Tena mwanamke anayetazamia kuzaa hushauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku, tangu mwezi 1 kabla ya mimba hata miezi 3 baadaye. Haizuii kila kasoro, lakini hupunguza nyingi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vikubwa kuitia katika unga; unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hautiwi. Basi msingoje tumbo lionekane. Mwulizeni mwuguzi mapema.

Maswali
1. Nyuzi za chembe hufanya kazi gani?
2. Kwa nini vidonge vinavyoanzwa mwezi wa nne vimechelewa kwa jambo hili?

Andikeni majibu, mkasomeane darasani. Kwaherini.